Nilivyobadilisha Dawa Kabla ya Kuitwa Mama

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, mbele ya shule nzima, tumesimama mstarini asubuhi. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mkono wa rafiki yangu. Kisha nakumbuka dari ya ofisi ya mwalimu, na mamangu ananipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa wetu mzima: yule mtoto ana kifafa. Wako waliosema ni pepo. Wako waliosema ni laana ya upande wa baba, na babangu alikuwa ameshakufa, hakuweza kujitetea.

Mamangu alinipeleka kuombewa. Akanipeleka kwa mganga mmoja huko kwetu bara ya Kaloleni. Nilipoanguka mara ya nne, akavaa viatu vyake vya kanisani, akanishika mkono, tukavuka daraja kwenda hospitali kubwa ya kisiwani. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika dawa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Nikaacha kuanguka.

Nilikua na vidonge vile kama wengine wanavyokua na miwani. Sikuvipenda wala sikuvichukia. Jambo moja tu lilikuwa geni mwilini mwangu, nami sikujua kuwa ni geni: siku zangu za mwezi hazikuwahi kuwa za mwezi. Zilikuja baada ya miezi miwili, au mitatu, zikakaa wiki nzima, zikapotea tena. Nilijiona mwenye bahati. Marafiki walilalamika kila mwezi na mimi nacheka.

Nilipomaliza shule nilijifunza kusuka nywele, nikafungua kibanda Mjambere, chumba kimoja chenye benchi la wateja, kioo na viti viwili. Mikono yangu ni myepesi. Nilisuka mabutu, mistari, rasta za kiunoni, na haikupita miaka miwili wanawake wakawa wanatoka mpaka Shanzu, wafanyakazi wa hoteli, kuja kunitafuta mimi. Pale hakuna aliyejua kuhusu vidonge. Nilivimeza nyumbani nikajifungia siri yangu.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mwanamume. Alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja kule Shanzu, akipita mbele ya kibanda changu kwa baiskeli kila alasiri, na kila alasiri alisimama kunisalimu kwa muda mrefu kidogo kuliko jana. Nilipoona salamu zimekuwa nzito, nikamkalisha kwenye benchi.

"Nikwambie kitu, kisha uende nyumbani ukafikiri," nikamwambia. "Mimi nina kifafa. Nameza dawa asubuhi na jioni. Nikiacha, naanguka."

Nikangojea aangalie saa, maana wanaume wakitaka kuondoka huangalia saa.

"Ukianguka," akasema, "nifanye nini?"

Nikamweleza. Anilaze kwa ubavu. Aondoe vitu vigumu karibu yangu. Asinitie kijiko mdomoni, wala asinishike kwa nguvu. Angoje, aangalie dakika. Akayarudia yote, akihesabu kwa vidole kama mtu anayetumwa dukani. Miezi minane baadaye tukaoana.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa mjane na kiongozi wa akina mama kanisani kwao Utange. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Jambo la kifafa aliambiwa na mwanawe, akalikubali shingo upande. Alinipenda kwa kazi zangu na kwa heshima zangu, lakini mwaka wa kwanza ulipopita, akaanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado?"

"Bado, mama."

Mwaka wa pili hakuuliza tena, na kutouliza kwake ndiko kulikoniuma. Nikafunga kibanda siku moja, nikaenda kliniki peke yangu.

Sista muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Aliniuliza umri, miaka ya ndoa, siku zangu. Nilipomwambia kwamba zinakuja zitakavyo, akainua kichwa.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana, sista. Ni zile za kifafa tu."

"Za kifafa tu," akarudia. "Unazo hapo?"

Nilikuwa nazo mkobani. Akasoma jina, valproate, akaweka karatasi ya vidonge juu ya meza taratibu. Akavua miwani.

"Mwanangu, hakuna aliyewahi kukwambia chochote kuhusu dawa hii na kuzaa?"

"Hakuna."

"Basi nitakwambia mimi. Dawa hii inakufaa kichwani, hilo naliona. Lakini kwa baadhi ya wanawake huvuruga mayai, yasipevuke kwa wakati wake. Huenda ndiyo sababu siku zako zinarukaruka, na huenda ndiyo sababu hujashika mimba. Siwezi kuapa, kuna mambo mengine ya kupima. Ila hilo si kubwa."

"Kubwa ni lipi?"

"Kubwa ni kwamba ukishika mimba huku unaimeza, inaweza kumuumiza mtoto tumboni. Uti wa mgongo. Moyo. Hata akili yake ya kujifunza baadaye."

Nikanyoosha mkono nizichukue zile dawa. Sijui nilitaka kuzitupa au kuzificha.

"Basi naziacha leo," nikasema.

Akanishika kifundo cha mkono. "Huziachi. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Huziachi hata siku moja. Kifafa kikirudi kwa ghafla kinaweza kukuua. Ziko dawa nyingine zilizo salama zaidi kwa mama na mtoto. Daktari atakubadilishia, polepole, hii ikishuka na ile ikipanda. Na mpaka hapo, usishike mimba."

Nilikwenda kutafuta mtoto, nikaambiwa nimzuie. Nilimkasirikia yule sista, ingawa ndiye mtu pekee aliyenitendea haki. Alinieleza njia zote bila haraka: vidonge, kijiti cha mkononi, koili ya ndani ya kizazi, kondomu, sindano ya miezi mitatu. Koili niliiogopa kwa hadithi nilizosikia kibandani. Vidonge sikutaka hata kuvisikia, nilikuwa na vyangu vya kutosha. Nikachagua sindano.

"Nikwambie ukweli wake," akasema. "Haiui kizazi, lakini ukiiacha, uzazi huchelewa kurudi. Miezi kadhaa, wengine hata mwaka. Nyingine hurudisha haraka zaidi. Wataka hii bado?"

Nikasema nataka. Leo hii, kwa ninayoyajua, pengine ningechagua koili. Lakini nilichagua mwenyewe, nimeambiwa yote, na nilipokuwa nikitembea kurudi Mjambere na pamba imebanwa mkononi, hilo lilinipa nguvu kidogo. Mume wangu alinisikiliza jioni hiyo, akauliza swali moja tu: "Itachukua muda gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tutangoja wawili."

Mavyaa aliiona kadi ya kliniki. Alikuja asubuhi moja na mchicha, kadi ilikuwa mezani, akaisoma neno kwa neno. Mimi niko jikoni naosha vyombo nikasikia sauti ile ya shambani.

"Hii ni nini?"

"Abee, mama?"

"Mwanamke hajazaa hata mmoja, anachomwa sindano ya kuzuia? Wewe umeyaona wapi haya?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema dawa, nikasema uti wa mgongo, nikasema daktari. Maneno yalikuwa mapya mdomoni mwangu, yakatoka nyuma mbele. Yeye alikuwa na maneno ya zamani, yaliyonyooka.

"Sindano hukausha kizazi. Nimeona kwa macho yangu. Na hizo dawa zako, umezimeza tangu utotoni, zimekupa nini? Achana na vyote. Acha mwili upumue. Tutafunga na kuomba, siku saba, na utazaa."

Alikuwa analia. Hicho ndicho sikukitarajia. Angenitukana, ningejua la kufanya.

Kibandani mambo yalikuwa yale yale. Kila siku kichwa kimoja au viwili viliingia na hadithi: huyu binamu yake alichomwa sindano asizae tena, yule jirani yake aliwekewa kijiti kikatembea mpaka moyoni. Nilikuwa nikizisikia hadithi hizo miaka yote nikiitikia "lo!" na "maskini!" huku vidole vikikimbia. Sasa kila moja iliniingia kama sindano yenyewe.

Nami nitasema kosa langu. Sikumtii mavyaa waziwazi, lakini nilijaribu kwa siri. Nikajiambia: siku chache tu, nione mwili utasemaje. Siku ya kwanza sikumeza. Ya pili. Ya tatu. Nilijisikia mzima, tena mwepesi, nikaanza kuamini.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, nilikuwa namsuka mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, Mwislamu, mnene, mwenye mzaha usiokauka. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wa kichwa chake. Nakumbuka nikichukua uzi mwingine wa nywele.

Niliamka kichwa changu kiko juu ya buibui lake lililokunjwa, nimejiuma ulimi, mdomo una ladha ya damu. Amenilaza kwa ubavu. Benchi na viti vimesukumwa ukutani. Wateja wengine walikuwa wamekimbia, na mlangoni palikuwa na kundi la watu limejaa kuangalia.

"Ondokeni hapo, hii si sinema," akawafokea. Kisha akaniinamia. "Pole mwanangu. Tulia. Ushapita."

Mume wangu alikuja na baiskeli, bado amevaa viatu vya mpira vya bustanini. Nyumbani nikamwambia kwamba niliacha dawa. Hakupandisha sauti. Akaenda akaleta kidonge na maji, akasimama mpaka nikakimeza.

"Tulisema tutangoja wawili," akasema. "Wewe ulikwenda peke yako."

Nililia, kisha nikalala.

Kesho yake nilifungua kibanda kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilijua hakuna atakayekuja. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikifikiria kukifunga kibanda nihamie mahali wasiponijua, ndipo mama wa samaki akaingia, amejitanda mtandio mpaka machoni. Akautoa. Upande mmoja mistari imenyooka, upande wa pili nywele zimesimama kama nyasi.

"Wallahi nimelala na nusu kichwa," akasema, "kama kuku aliyenyonyolewa akasahauliwa. Wajukuu wangu wamenicheka mpaka uji ukamwagika. Nimalizie."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Mikono si ile ile?"

Akakaa. Nikamsuka, yeye akizungumza bei za samaki na tabia za wakwe zake. Nilipomaliza, akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto na kulia, akatoka bila mtandio, akapita katikati ya barabara kwa hatua za pole ili kila mtu aone. Wateja watatu hawakurudi tena kwangu. Waliobaki wako nami mpaka leo. Na tangu asubuhi ile sijamficha mtu maradhi yangu.

Mavyaa alifika siku ya pili. Aliketi, akauona ulimi, akauona uvimbe kwenye paji. Akitazama sakafu, akaniambia habari ambayo hata mume wangu hakuwahi kuisikia. Alikuwa na mdogo wake aliyekuwa na maradhi haya. Aliolewa, mumewe akamrudisha nyumbani. Siku moja akaanguka mekoni, moto unawaka, hakuna mtu karibu.

"Hakuwa na dawa yoyote," akasema. "Nami nilikuwa nakwambia uache zako. Nilidhani ugonjwa usipolishwa dawa utachoka wenyewe. Mwanangu, nisamehe. Huko kwa daktari, naja nawe."

Akaja kweli. Tulivuka daraja wawili, yeye amevaa vitenge vya sherehe, na maswali yake ameyaandika nyuma ya ratiba ya ibada. Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa kijana, umri wa mwanawe. Mavyaa alikalia ncha ya kiti akamuuliza la kwanza.

"Mwanangu daktari, hii sindano itamfunga?"

"Haimfungi, mama. Inalaza tu. Ikiisha nguvu, mwili huchukua muda kuamka. Lakini huamka."

"Na hiyo dawa mpya, ina hakika gani?"

"Hakuna dawa isiyo na lake, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini kwa mwanamke anayetaka kuzaa, hii ni salama zaidi, mbali sana na ile ya kwanza. Tutaipandisha polepole. Akiona vipele mwilini, vinaweza kuwa vya hatari, aje siku hiyo hiyo, asingoje kesho."

Mavyaa akaandika: vipele. Akapiga mstari chini yake.

Nilianza na kipande kidogo cha kidonge kipya, ile dawa ya zamani bado naimeza. Kila baada ya wiki mbili dawa mpya ikaongezwa, na ilipofika kiwango chake, ya zamani ikaanza kupunguzwa. Nilinunua daftari la shule nikaandika kila siku: nimemeza, nimelala vipi, kichwa kikoje. Mwezi wa tatu, katikati ya joto, vipele vikanitoka mgongoni. Mume wangu alinipakia kwenye bodaboda bila hata kubadilisha nguo. Vikawa vipele vya joto tu. Daktari hakutucheka. Alisema tungefanya kosa kama tusingekuja.

Ilichukua miezi mingi. Sikuanguka hata mara moja. Siku niliyomeza kidonge cha mwisho cha dawa ya zamani, niliiweka karatasi tupu ndani ya daftari nikaliandika neno moja: bas. Nimeshinda mashindano ya mbio shuleni, nimesuka maharusi wasiohesabika, lakini sijawahi kujivunia kitu nilichofanya kwa mikono yangu kama kile. Dawa ya kifafa haibadiliki yenyewe. Niliibadilisha siku kwa siku, kidonge kwa kidonge, bila kuruka.

Daktari alitaka kwanza aone kuwa ile mpya imenishika vizuri. Aliporidhika, sista wa kliniki akaniandikia vidonge vya foliki, vya kumlinda mtoto tangu siku za mwanzo kabisa, na sikuchomwa sindano tena. Kisha tukangoja ule usingizi uishe.

Mwezi wa nne hamna kitu. Wa tano. Wa sita. Wanawake wa kanisani wakaanza kunong'ona: "Si tulisema?" Hata mimi, nimeambiwa kila kitu mapema na nimeitikia ndiyo, nilianza kuhesabu kwa hofu. Nikarudi kwa sista.

"Nilikwambia hata mwaka," akasema. "Ni mwaka?"

"Si mwaka."

"Basi nenda kasuke watu."

Mwezi wa saba, mchana, nikiwa kibandani, nikaona damu. Mwanamke gani hushangilia hedhi? Mimi nilishangilia. Nilimpigia mavyaa simu, nikamwambia, na huko Utange akapiga kigelegele ambacho majirani walidhani ni habari ya mimba. Mwezi uliofuata zikaja tena, siku ya ishirini na tisa. Uliofuata, siku ya thelathini. Kisha ishirini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu siku zangu zilikuwa za mwezi. Niliziandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na mume wangu akawa anauliza, "Leo ya ngapi?" kama mtu anayefuata ligi.

Kisha mwezi mmoja siku ya thelathini ikapita. Ya thelathini na tatu ikapita. Ya thelathini na saba nikaenda kwa sista, naye akatazama kipimo, akakigeuza upande wangu nijionee mwenyewe mistari miwili. Alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena.

Mimba ile niliibeba macho wazi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba mwili wenye mimba huimaliza haraka dawa hii, kwa hiyo tulikwenda kwake mara kwa mara, akaongeza kiasi cha dawa kwa awamu mbili. Siku ya kupigwa picha mtoto tumboni, mpigapicha alikuwa akisema taratibu anachokiona: kichwa, mikono, moyo una vyumba vinne. Akarudisha kifaa pale pale. Nikamshika mume wangu mkono nikaubana.

"Uti wa mgongo," akasema, "umefungika vizuri, kuanzia juu mpaka chini."

Mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alitoka nje. Alirudi amenawa uso, akamshukuru yule mtu mara tatu.

Nilijifungulia hospitali ya kisiwani. Uchungu ulinianza alfajiri ukaenda mchana kutwa. Mavyaa alikuwa ameifunga dawa yangu kwenye pindo la leso yake, na saa kumi na mbili jioni ilipofika, saa ya kidonge changu, akamwambia mkunga, "Bibi, subiri kidogo, dawa kwanza." Mkunga akamwambia, "Mama, huyu anazaa." Mavyaa akasema, "Atazaa akiwa amemeza." Nikameza. Dakika arobaini baadaye binti yangu alikuja duniani akilia kwa sauti ya bibi yake, ile ya kuita watu shambani.

Walimkagua mgongo, wakamkagua moyo, wakanirudishia. Nikauliza kama naweza kumnyonyesha na dawa yangu, wakasema naweza, tumwangalie tu asiwe na usingizi wa kupita kiasi. Usingizi hakuwa nao kabisa.

Sasa ana miaka minne. Anasoma chekechea, anahesabu mpaka hamsini akiruka kumi na tano, na anajua bila kufundishwa kwa kitisho kwamba mama akianguka analazwa kwa ubavu na jirani anaitwa. Hajawahi kuniona nikianguka.

Mwaka huu kule kanisani Utange akina mama walikuwa na kikao chao, nami nilikuwa nimekaa nyuma na wageni. Mazungumzo yakafika kwenye kupanga uzazi. Mwanamke mmoja akasimama akasema yale yale, kwamba sindano hukausha kizazi na dawa za hospitali humaliza wanawake. Watu wakaitikia. Mavyaa akainuka mbele.

"Mimi nilisema maneno hayo," akasema. "Niliyasema kwa sauti kubwa kuliko yako, na karibu yamuue mke wa mwanangu. Sindano huchelewesha, haikaushi. Dawa nyingine huvuruga, ndiyo, na nyingine huumiza mtoto tumboni, na ndiyo maana unakwenda unauliza kabla. Huziachi kwa kuambiwa na mama mkwe. Huyo hapo nyuma ni mke wa mwanangu. Ana kifafa, na ana mtoto, na yote mawili ameyabeba kwa akili yake. Simama mwanangu, wakuone."

Nilisimama. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wengi maishani nikiwa mgonjwa, na nilijua vizuri macho yale yanavyokuwa. Haya hayakuwa yale.

Tulipotoka, mwanamke mmoja alinifuata mpaka kwenye lango. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitano nyuma yake, kaangalia chini. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huanguka, anatumia dawa, ameacha kuanguka, lakini siku zake hazieleweki.

"Anatumia ipi?" nikauliza.

Akaitoa mkobani. Niliijua kabla sijaisoma.

Jumatatu nilifunga kibanda tukaenda kliniki sote watatu. Sista ana mvi siku hizi, lakini miwani bado imefungwa kwa uzi. Alimweleza yule msichana mwenyewe, hakumweleza mamake: kwamba dawa inamsaidia, asiiache, na kwamba wataanza mapema kuzungumza na daktari kuhusu kuibadilisha. Kisha akamuuliza, "Ukiwa mkubwa, utataka watoto?"

Msichana akamtazama mamake, akanitazama mimi, akafunika mdomo kwa mkono.

"Wawili," akasema.

Sista akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi: watoto wawili.